Jiwe la Mizani la Rangi: Somo Kuhusu Vigae Rejea na Mashine za Kupima Rangi

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kueleza kwa nini mashine ya kupima rangi huhitaji kiwango rejea;
(b) kutaja sifa za kiwango rejea kilicho sahihi na cha kudumu;
(c) kukokotoa athari ya kiwango kilichochafuka;
(d) kuchukua hatua za kujilinda kabla ya kununua, wakati wa kununua na baada ya kununua bidhaa ambayo rangi yake imelinganishwa kwa mashine.

1. Tatizo linaloanzia ukutani

Familia nyingi nchini mwetu hujenga nyumba kwa awamu. Msingi huchimbwa mwaka huu, kuta husimama mwaka unaofuata, paa huja fedha zikipatikana. Na hata rangi ya kupaka hununuliwa ndoo moja moja.

Tuchukue mfano wa mama aliyependa rangi ya kipande cha ubao alichopewa na jirani. Alikipeleka dukani, muuzaji akakisoma kwa mashine, kisha akamchanganyia ndoo ya lita 20. Ndoo ikaisha kabla ukuta wa mwisho wa sebule haujakamilika. Miezi minane baadaye mama alirudi katika duka lile lile, na ubao ule ule aliokuwa ameuhifadhi kabatini. Muuzaji aliusoma tena, akamchanganyia ndoo ya pili. Fundi akapaka, ukuta ukakauka, na mpaka kati ya ndoo ya kwanza na ya pili ukaonekana kama mstari uliochorwa kwa rula.

Mama alimlaumu fundi kwa kuzidisha maji. Fundi alimlaumu muuzaji kwa kubadilisha rangi. Muuzaji naye alijitetea kwamba mashine ni ile ile na sampuli ni ile ile. Inawezekana kabisa kwamba wote watatu walisema kweli. Hata hivyo, kuna mtu atakayelipia ndoo ya tatu, na mara nyingi mtu huyo ni mlaji au fundi, ambao hawana chombo cha kuthibitisha madai yao.

Zipo sababu nyingi zinazoweza kuleta tofauti ya namna hiyo: rangi ya msingi kutoka toleo jingine la kiwanda, bomba la kudondoshea wino lililoziba, plasta inayonyonya kwa viwango tofauti, au maji yaliyozidi. Somo hili linashughulikia sababu moja ambayo haionekani kwa urahisi na ambayo walaji wengi hawajawahi kuisikia: kiwango rejea ambacho mashine hutumia kujisahihisha.

2. Jinsi mashine inavyoona

Mwanga wa jua unaoonekana na jicho umeundwa na mawimbi ya urefu mbalimbali, takriban kuanzia nanomita 380 hadi 780. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mawimbi mafupi tunayaona kama zambarau na bluu, ya kati kama kijani na njano, na marefu kama nyekundu. Kitu tunachokiita chekundu ni kile kinachomeza sehemu kubwa ya mawimbi mafupi na ya kati, kisha kuakisi yale marefu.

Mashine inayotumiwa madukani na viwandani huitwa spektrofotometa. Humulika sampuli kwa taa yake yenyewe, hupokea mwanga unaorudi, huugawanya kwa urefu wa mawimbi, kisha hutoa asilimia ya mwanga ulioakisiwa katika kila hatua, kwa kawaida kila baada ya nanomita 10. Asilimia hizo hugeuzwa kuwa namba tatu zinazoeleza rangi kama ambavyo jicho la mwanadamu lingeiona.

Ugeuzaji huo hufuata kanuni za Tume ya Kimataifa ya Mwanga, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa cha CIE, ambayo makao yake yako Vienna, Austria. Mwaka 1931 tume hiyo ilipitisha kielelezo cha jicho la kawaida, kilichotokana na majaribio yaliyofanywa Uingereza na W. David Wright na John Guild. Mwaka 1976 ikapendekeza mfumo wa CIELAB, ambao ndio unaotumika sana hadi leo. Katika mfumo huo namba ya kwanza hueleza weupe na weusi, kuanzia 0 hadi 100; ya pili hueleza uelekeo wa wekundu au ukijani; na ya tatu uelekeo wa unjano au ubluu.

Umbali kati ya rangi mbili katika mfumo huo huitwa delta E. Kwa makadirio ya jumla, delta E ya 1 iko karibu na mpaka wa kile ambacho jicho makini linaweza kukitambua pale rangi mbili zinapowekwa bega kwa bega. Sebule ya mama katika mfano wetu iliweka rangi mbili bega kwa bega katika ukuta mmoja, mahali ambapo jicho halisamehe.

3. Kwa nini mashine huhitaji kiwango rejea

Mlaji amezoea kuona mizani ya duka ikiwa na alama ya uhakiki. Anaelewa kwamba mizani haijui kilo ni nini mpaka ilinganishwe na jiwe lenye uzito uliothibitishwa. Mashine ya rangi haina tofauti na mizani katika jambo hili. Taa yake hufifia kadiri inavyotumika, vioo vyake hushika vumbi, na vihisi vyake hubadilika kwa joto na umri. Mwanga unaorudi ukipungua, mashine haiwezi kujua yenyewe kama sampuli ndiyo yenye giza au taa ndiyo iliyochoka.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kazi, mashine huoneshwa vitu viwili. Cha kwanza ni kigae cheupe ambacho asilimia zake za kuakisi zimekwisha kupimwa na kuhifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Cha pili ni mtego wa mwanga, yaani kikopo cheusi kilichoundwa ili mwanga uingie na usirudi. Kigae huieleza mashine mahali ilipo karibu na ncha ya juu ya kipimo. Mtego huieleza mahali ilipo sifuri. Kazi ya kukilinganisha chombo na kiwango kinachojulikana, ili kosa lake lifahamike, huitwa ugezi.

Ni muhimu kuelewa kwamba mashine hukiamini kigae bila kuuliza. Kumbukumbu yake ikisema kigae huakisi asilimia 90, basi chochote kitakachorudi kutoka kwenye kigae hicho kitaitwa 90, hata kama juu yake kuna vumbi, jasho la mkono au moshi wa jiko la jirani.

4. Hesabu ndogo ya kosa kubwa

Tuseme kigae cheupe cha duka kilipimwa maabara na kukutwa kinaakisi asilimia 90 katika wimbi fulani. Baada ya miezi ya kushikwa kwa vidole, sasa kinaakisi asilimia 88 tu. Mashine haijui hilo. Inapokimulika, inapokea mwanga wa 88 lakini inauita 90. Tangu hapo, kila kipimo kinazidishwa kwa 90 gawanya kwa 88.

Ubao wa mama unaakisi asilimia 44 katika wimbi hilo. Mashine itasema:

44 × 90 ÷ 88 = 45

Ubao utasomwa kuwa na mwanga zaidi kuliko ulivyo, na kanuni ya kuchanganya itakayotolewa itaelekea kwenye rangi iliyofifia zaidi. Ikiwa ndoo ya kwanza ilichanganywa siku kigae kilipokuwa safi, na ya pili siku kilipokuwa kimechafuka, ndoo hizo haziwezi kufanana, ingawa ubao haukubadilika hata kidogo. Na mambo yakigeuka, yaani kigae kikisafishwa katikati ya ununuzi huo mara mbili, tofauti itatokea vilevile, safari hii kwa upande wa pili.

Kosa la ncha ya chini lina tabia yake. Tuseme vumbi limeingia ndani ya mashine, likaongeza asilimia 1 katika kila kipimo. Kwa rangi ya maziwa inayoakisi 80, kusomwa 81 ni jambo dogo. Kwa rangi ya kahawia nzito inayoakisi 4, kusomwa 5 ni kosa la robo nzima. Ndiyo maana rangi nzito, kama zile za mageti, milango na magari, huonesha haraka zaidi udhaifu wa mtego, ilhali uchafu wa kigae cheupe huzigusa zaidi rangi nyepesi.

5. Historia fupi ya kutafuta weupe usiobadilika

Wataalamu walihangaika muda mrefu kupata kitu cheupe kinachoweza kuaminiwa. Kwa miaka mingi walitumia oksidi ya magnesi: utepe wa magnesi ulichomwa, na moshi wake mweupe ukaachwa utue juu ya bamba. Weupe wake ulikuwa mzuri sana ulipokuwa mbichi, lakini tabaka hilo lilikuwa laini kiasi cha kuharibiwa na mguso mmoja, lilibadilika kadiri siku zilivyopita, na kila maabara ilipata tabaka tofauti kidogo na la mwenzake.

Mwaka 1969 rejea ya kimataifa ilihamishwa kutoka kwenye moshi huo na kuwekwa kwenye kitu cha kinadharia: uso kamili unaoakisi mwanga wote unaoupokea na kuutawanya sawasawa pande zote. Hakuna uso wa namna hiyo duniani. Lakini maabara kuu za vipimo zinaweza kukokotoa, kwa njia za kifizikia, kitu halisi kinapungukiwa kiasi gani kuufikia. Tangu hapo kigae chochote cheupe kinaweza kuwa kiwango, alimradi upungufu wake umepimwa na kuandikwa.

Vitu vinavyotumika sasa ni kadhaa. Unga wa bariamu salfeti ulioshindiliwa ni mweupe na wa bei nafuu, lakini hubomoka na hauoshwi. Plastiki ya PTFE, jamii ile ile inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula, ikishindiliwa au kuunganishwa kwa joto huakisi takriban asilimia 99 ya mwanga unaoonekana; hata hivyo uso wake wenye vinyweleo hunyonya mafuta ya ngozi, na hivyo haupaswi kushikwa kwa vidole. Kauri yenye ngozi ya kioo haifikii weupe huo, lakini ni ngumu, husafishika, na hubaki jinsi ilivyokuwa.

Hapa kuna funzo kwa mlaji. Kiwango kizuri si lazima kiwe cheupe kupita vyote. Kiwango kizuri ni kile ambacho thamani yake inajulikana na haibadiliki. Kigae cha asilimia 88 kilichothibitishwa kinafaa kuliko unga wa asilimia 98 ambao kesho utakuwa 96.

6. Kwa nini kauri

Wakazi wa pwani yetu wanao ushahidi wa uimara wa kauri karibu nao. Katika makaburi ya kale ya Kunduchi na katika majengo ya Kilwa Kisiwani, wajenzi walipachika bakuli na sahani za kauri kutoka ng'ambo kama mapambo. Chokaa imebomoka na mawe yameliwa na hewa ya chumvi, lakini vipande vya vyombo hivyo vinavyookotwa katika magofu ya pwani bado vina rangi yake baada ya karne kadhaa. Rangi ya karatasi au kitambaa isingevumilia hata sehemu ndogo ya muda huo.

Siri iko katika jinsi rangi ilivyoshikwa. Katika kitambaa au rangi ya plastiki, kiungo cha rangi mara nyingi ni molekuli za kikaboni zinazovunjwa na mwanga wa jua. Katika kauri, kiungo ni madini yaliyofungwa ndani ya kioo kilichoyeyushwa kwa joto linaloweza kuzidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kobalti hutoa bluu, kromiamu hutoa kijani, na misombo ya kadmiamu yenye seleniamu hutoa machungwa na nyekundu. Kilichovumilia tanuri hakitishwi na taa ya dukani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 taasisi ya utafiti wa kauri ya Uingereza, kwa ushirikiano na Maabara ya Taifa ya Fizikia ya nchi hiyo, ilitoa seti ya vigae vya rangi kwa ajili ya kukagua mashine. Toleo la pili, lililotoka miaka ya 1980, lina vigae 12: kijivu cha aina nne, waridi nzito, nyekundu, machungwa, njano, kijani cha aina mbili, samawati na bluu nzito. Seti hiyo imekuwa miongoni mwa rejea zinazotumiwa zaidi duniani katika viwanda vya rangi, nguo, plastiki na magari.

Vigae hivyo havichukui nafasi ya kigae cheupe. Kigae cheupe na mtego huirekebisha mashine. Vigae vya rangi huikagua baada ya kurekebishwa. Kila kimoja kina kazi yake. Vijivu huonesha kama mashine ni ya haki katikati ya kipimo, na si kwenye ncha mbili tu. Nyekundu, machungwa na njano huakisi kidogo sana katika mawimbi mafupi kisha hupanda ghafla. Mashine iliyopotoka hata kwa nanomita moja katika kutambua mawimbi itafichuliwa na mpando huo mkali. Vijivu viwili na vijani viwili vinavyokaribiana sana hupima kama mashine inaweza kuona tofauti ndogo kwa usahihi.

7. Masharti ya kigae kilicho sahihi

Kutengeneza kigae cha sakafu na kutengeneza kigae rejea ni kazi mbili tofauti. Kigae rejea hakina budi kutimiza masharti yafuatayo.

*Usawa wa uso.* Mashine hupima duara dogo tu. Kigae chenye rangi nzito upande mmoja na nyepesi upande wa pili kitatoa jibu tofauti kila kinapowekwa. Hivyo vigae hupimwa sehemu mbalimbali, na visivyo sawa hutengwa.

*Kutopitisha mwanga.* Mwanga ukipenya ndani ya kigae, husafiri pembeni na kutokea nje ya tundu la mashine, na hapo huhesabika kama umepotea. Mashine mbili zenye matundu ya ukubwa tofauti zitatofautiana juu ya kigae kimoja.

*Kutokuwa na mwako wa ziada.* Sabuni nyingi za unga na karatasi nyingi nyeupe zina dawa inayopokea miale isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa bluu. Kitu cha namna hiyo huonekana tofauti chini ya kila taa. Hakifai kuwa rejea ya kawaida.

*Mng'ao unaojulikana.* Uso unaong'aa husafishika kirahisi kuliko uso mkavu. Lakini zipo mashine zinazohesabu mng'ao na zinazouacha nje. Cheti cha kigae kinapaswa kusema kilipimwa kwa njia ipi.

*Uthabiti dhidi ya joto.* Sharti hili linatuhusu sana sisi wa nchi za joto. Vigae vyekundu, vya machungwa na vya njano hubadilika rangi kidogo vinapopata joto, kwa sababu madini yake huanza kumeza mawimbi marefu zaidi. Vikipoa, hurudi vilivyokuwa. Kwa nyekundu na machungwa, mabadiliko ya nyuzi 10 yanaweza kuleta takriban delta E ya 1. Maabara hupima kigae katika chumba cha nyuzi 23 au 25. Kigae hicho kikitumiwa Dar es Salaam au Mombasa katika duka lisilo na kiyoyozi, au kikiwekwa dirishani penye jua, mashine nzima itaonekana ina kosa, na fundi wa mashine anaweza kuharibu kilicho sahihi kwa kujaribu kukirekebisha. Cheti huandika nyuzi za joto ili zifuatwe. Sampuli ya mteja nayo, ikiwa imetoka juani, iachwe ipoe kabla ya kusomwa.

8. Mnyororo wa cheti

Hata vigae vilivyotoka katika tanuri moja siku moja havifanani kikamilifu. Kwa sababu hiyo kila kigae hupimwa peke yake na kupewa namba yake. Cheti cha kigae kimoja hakiwezi kutumika kwa kigae kingine. Kigae cha mashine moja kikihamishiwa mashine nyingine ya aina ile ile, vipimo hupotoka. Kosa hili ni jepesi kulitenda katika duka lenye mashine mbili.

Kigae cha dukani hulinganishwa na kigae cha kiwanda au maabara ya ugezi, nacho hulinganishwa na kiwango cha maabara ya taifa ya vipimo, kama ile ya Uingereza, ya Marekani au ya Ujerumani. Kila pingu katika mnyororo huu huongeza kiasi kidogo cha shaka, na cheti cha kweli hukitaja kiasi hicho waziwazi. Cheti kinachodai usahihi bila kutaja shaka yoyote hakijakamilika. Maabara zinazotoa huduma ya ugezi zinatarajiwa kukidhi kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 17025, na cheti chake huonesha namba ya kigae, tarehe, nyuzi za joto, aina ya upimaji na kiasi cha shaka.

9. Wajibu wa muuzaji na tahadhari ya mlaji

Muuzaji anayelinganisha rangi kwa mashine anatoa huduma ya kipimo, na huduma hiyo imo ndani ya bei ya ndoo. Anapaswa kukitunza kigae katika kifuniko chake, kukisafisha kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, kutokisugua kwa unga wa kusafishia sufuria, kufanya urekebishaji kwa vipindi vilivyoelekezwa, na kuandika tarehe za ugezi. Kigae kilichopata mkwaruzo au ufa kisitumike tena.

Mlaji naye azingatie haya:

Kabla ya kununua
- Piga hesabu ya eneo lote la ukuta na ununue rangi ya ukuta huo kwa mara moja, ikiwezekana. Fedha zikiwa hazitoshi, panga ukomo wa ununuzi uangukie kwenye kona, ambapo tofauti ndogo haionekani.
- Peleka sampuli iliyo safi, kavu, bapa na isiyopauka. Kitambaa chepesi hupitisha mwanga. Kikunjwe mara kadhaa.

Wakati wa kununua
- Omba kuona mashine ikirekebishwa kwa kigae cheupe mbele yako. Ni haki kuuliza, kama unavyoiangalia mizani kabla ya sukari kumiminwa.
- Omba sampuli isomwe mara tatu, ikigeuzwa kidogo kila mara. Majibu yakipishana sana, kuna tatizo la sampuli au la mashine.
- Dondosha rangi kidogo juu ya kadi, iache ikauke, kisha uilinganishe na sampuli nje ya duka penye mwanga wa mchana, na tena chini ya taa kama ya nyumbani kwako. Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, hata mashine ikiwa sahihi.

Baada ya kununua
- Omba nakala ya kanuni ya kuchanganya: aina ya rangi ya msingi, kiasi cha kila wino na tarehe. Ukirudi, ndoo ichanganywe kwa kanuni hiyo, sampuli isisomwe upya. Mama katika mfano wetu angeepuka chanzo tulichokieleza kwa karatasi hiyo moja tu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.
- Hifadhi kifuniko chenye namba ya toleo, pamoja na risiti na rangi kidogo katika chupa iliyofungwa vizuri.
- Ukiwa na ndoo zaidi ya moja, mwambie fundi azichanganye pamoja katika chombo kikubwa kabla ya kuanza kupaka.

Ikitokea tofauti, simamisha kazi mara moja. Usipake juu ya ushahidi. Piga picha mchana, hifadhi mabaki ya ndoo zote mbili, na umweleze muuzaji kwa maandishi ukitaka kuona kumbukumbu za ugezi wa mashine yake. Usimkate fundi ujira kabla chanzo hakijajulikana. Fundi hana mamlaka juu ya kigae cha duka. Muuzaji akikataa kushirikiana, wasilisha malalamiko yako katika ofisi yetu pamoja na vielelezo hivyo. Malalamiko yenye kanuni, risiti na mabaki huchunguzika; yenye maneno matupu hubaki kuwa maneno ya mtu mmoja dhidi ya mwingine.

10. Maswali ya kujipima

1. Kigae kilichothibitishwa kuakisi asilimia 80 sasa kinaakisi 76. Sampuli inayoakisi 38 itasomwa kuwa ngapi?
2. Kwa nini vumbi ndani ya mtego wa mwanga huathiri zaidi rangi nzito?
3. Duka limevunja kigae chake na limeazima kigae cha duka la jirani lenye mashine ya aina ile ile. Kuna hatari gani?
4. Kigae chekundu kimesomwa sawasawa asubuhi na kimepotoka saa nane mchana. Kabla ya kuilaumu mashine, utauliza nini?
5. Taja vitu vitatu ambavyo mlaji anapaswa kuvihifadhi baada ya kununua rangi iliyochanganywa.

*Majibu.* (1) 38 × 80 ÷ 76 = 40. (2) Kosa lile lile ni sehemu kubwa zaidi ya kipimo kidogo. (3) Thamani zilizo katika kumbukumbu ya mashine si za kigae hicho, kwa kuwa kila kigae kina cheti chake. (4) Joto la kigae na la chumba lilikuwa nyuzi ngapi nyakati hizo mbili, na cheti kinataja ngapi. (5) Kanuni ya kuchanganya, risiti, na kifuniko chenye namba ya toleo. Mabaki kidogo ya rangi ni ushahidi wa ziada.